Haki ya Kigeni au Haki ya Mwingine? Asili ya Neno "Alien" na Mafundisho ya Kuhesabiwa Haki

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa theolojia katika nchi zetu humfikia Luther kwa njia ndefu. Luther aliandika kwa Kilatini na Kijerumani; vitabu ambavyo mwanafunzi huvisoma chuoni, kwa sehemu kubwa, ni tafsiri za Kiingereza; na mahubiri atakayoyatoa baadaye usharikani yatakuwa kwa Kiswahili. Katika kila kivuko maneno hushusha mzigo fulani na kupakia mwingine. Mara nyingi hasara ni ndogo. Lakini liko neno moja ambalo limesafiri njia hiyo yote na kufika kwetu likiwa limeacha nyuma maana yake ya kwanza, nalo limekaa katikati kabisa ya mafundisho ambayo kwayo, kama tulivyofundishwa, Kanisa husimama au huanguka. Neno hilo ni kivumishi cha Kiingereza "alien", katika usemi "alien righteousness".

Anayefungua kamusi kulitafuta neno hilo hukuta "-geni", na hapo huzaliwa tafsiri ya "haki ya kigeni". Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba tafsiri hiyo haitoshi. Kwamba chanzo cha upungufu wake kimo katika historia ya neno la Kiingereza lenyewe. Na kwamba tukirudi kwenye Kilatini tutapata usemi ulio mgumu zaidi kusikika masikioni mwetu, lakini ulio mwema zaidi kuhubiriwa.

2. Neno katika Kilatini

Kiingereza kililipata neno hili kutoka neno la Kilatini alienus, kwa kupitia Kifaransa cha kale. Alienus nalo limetokana na alius, yaani "mwingine". Kwa hiyo maana yake ya kwanza ni ya umiliki: kilicho cha mwingine, kisicho changu. Maneno yanayosimama kinyume chake ni suus, "-ake mwenyewe", na proprius, "kilicho cha mtu hasa". Mrumi aliposema kwamba shamba fulani ni ager alienus hakuwa na maana kwamba ni shamba la ajabu, wala kwamba liko ng'ambo. Huenda lilipakana na lake, naye alilijua jiwe kwa jiwe. Alisema tu kwamba shamba lina mwenyewe, na mwenyewe si yeye.

Mfano ulio bora kuliko yote ni jina la deni. Warumi waliliita deni aes alienum, yaani, neno kwa neno, "shaba ya mwingine", kwa kuwa fedha zao za kale zilikuwa za shaba. Mdeni ni mtu aliyeshika mkononi shaba ya mwingine. Shaba hiyo haina ugeni wo wote: ni ile ile itumikayo sokoni, yenye uzito ule ule na alama ile ile. Tofauti yake na shaba nyingine inajulikana kwa swali moja tu: ni ya nani?

Kutoka mzizi huo yalichipuka matawi kwa utaratibu unaoeleweka. Kisicho changu kiko nje ya nyumba yangu. Aliye nje ya nyumba yangu huenda simfahamu. Nisiyemfahamu aweza kuwa adui yangu. Hivyo alienus likaja kumaanisha pia mgeni, kitu kisichofaa, na hata mtu mwenye uadui. Lakini umiliki ndio mzizi. Ugeni ni tawi.

Maandiko yenyewe yathibitisha jambo hili. Agano Jipya la Kiyunani lina neno allotrios, lililotokana na allos, "mwingine", sawasawa kabisa na alienus kutoka alius; na Vulgata, Biblia ya Kilatini, hulitafsiri mara nyingi kwa alienus. Katika Warumi 14:4 neno hilo lamhusu mtumishi ambaye bwana wake ni mtu mwingine. Katika Luka 16:12 lahusu mali ya mtu mwingine. Katika Yohana 10:5 lamhusu yule ambaye kondoo hawaijui sauti yake. Watafsiri wa Biblia yetu ya Union Version walilipima neno hili kila mahali kwa maana yake: katika Warumi na Luka walisema "mwingine", katika Yohana wakasema "mgeni". Hawakujifunga kwa neno moja la kamusi, na katika hilo ni walimu wetu.

3. Neno katika Kiingereza

Neno "alien" lilikuwamo katika Kiingereza tangu karne ya 14, likichukua mzizi pamoja na matawi yake. Muda ulivyopita, sheria ndiyo iliyolikamata. Katika mahakama za Uingereza "alien" lilikuwa jina la mtu asiye chini ya utii wa mfalme, na kwa sababu hiyo asiyeweza kumiliki ardhi kama raia. Mwaka 1608 mahakimu waliamua kesi mashuhuri juu ya mtoto aliyezaliwa Scotland baada ya Mfalme James kukirithi kiti cha enzi cha Uingereza mwaka 1603: je, mtoto huyo ni "alien" katika Uingereza? Wakaamua kwamba siye, maana alizaliwa katika utii wa mfalme yule yule. Marekani nayo, mwaka 1798, ilipitisha sheria zilizompa Rais uwezo wa kuwafukuza watu wa namna hiyo. Na katika karne ya 20 neno likahama tena, likawa jina la viumbe vya kubuniwa kutoka sayari nyingine. Filamu ya Kimarekani ya mwaka 1979 yenye jina hilo hilo ilihusu mnyama wa kutisha angani. Kijana wa leo anayesoma "alien righteousness" kwa mara ya kwanza analisoma neno ambalo limepita mahakamani na katika sinema kabla ya kumfikia.

Kanisa letu katika Tanganyika lililijua neno hili upande wake mkali. Vita vilipoanza mwaka 1939, Wajerumani waliokuwa nchini walihesabiwa chini ya sheria kuwa "enemy aliens", wageni wa upande wa adui, na wamisionari wengi wa Kilutheri wakatiwa kizuizini. Sharika walizozihudumia zilibaki mikononi mwa wachungaji na wainjilisti Waafrika, na baadaye zikapata msaada wa Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana. Kwa hiyo katika historia yetu "alien" lilikuwa neno la kumwondoa mtu.

Hata hivyo maana ya kwanza haikufa kabisa katika Kiingereza. Imehifadhiwa katika kitenzi "to alienate", ambacho katika sheria ya mali maana yake ni kukifanya kitu kuwa cha mtu mwingine. Utawala wa kikoloni uliiita ardhi iliyotwaliwa na kupewa walowezi "alienated land". Wameru walipoondolewa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, jambo ambalo Kirilo Japhet alilipeleka mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952, ardhi ile haikuwa ngeni kwao. Udongo ulikuwa ule ule, na mlima ulionekana pale pale. Kilichobadilika ni mwenyewe. Msomaji wa Afrika Mashariki, basi, hahitaji kwenda Roma ili aelewe alienus. Historia ya nchi yake imekwisha kumfundisha kwamba kitu chaweza kujulikana sana na bado kuwa cha mwingine.

4. Matumizi ya Luther na Melanchthon

Tukiingia sasa katika maandiko ya Matengenezo, swali letu ni hili: Luther aliposema iustitia aliena, alikuwa kwenye mzizi au kwenye tawi?

Katika hotuba yake juu ya haki ya namna mbili, iliyochapishwa mwaka 1519, jibu latolewa na mpango wa hotuba yenyewe. Haki ya kwanza aiita aliena, ya pili aiita propria. Haki ya kwanza ni ya Kristo, nayo hutujia kutoka nje. Ya pili ni yetu hasa, yaani maisha mema yanayozaliwa na ile ya kwanza kwa kuua tamaa za mwili, kumpenda jirani na kumcha Mungu. Aliena akiisimamisha mbele ya propria, Luther anauliza swali la umiliki. Na mfano anaoutumia ni wa ndoa: mali ya bwana arusi ni ya bibi arusi, na ya bibi arusi ni ya bwana arusi. Mwaka uliofuata, katika kitabu juu ya uhuru wa Mkristo, mfano huo unakua na kuwa mabadilishano ya furaha, ambamo Kristo huchukua dhambi na mauti ya nafsi, na nafsi hupokea haki na uzima wake. Mabadilishano ya mali hayana maana pasipo kujua kwanza kila mali ni ya nani.

Melanchthon, katika Utetezi wa Ungamo la Augsburg wa mwaka 1531, asema wazi zaidi. Aeleza kwamba kuhesabia haki, kwa desturi ya mahakama, ni kumwachilia mwenye hatia na kumtangaza kuwa ni mwenye haki, na kwamba hilo hufanyika kwa ajili ya aliena iustitia. Na hapo hapo, bila kusubiri sentensi nyingine, aongeza kwamba haki hiyo ni ya Kristo na kwamba tunashirikishwa kwa imani. Kivumishi kimeacha pengo, na jina la Kristo limelijaza.

Watafsiri wa Kiingereza hawakutembea pamoja. Kitabu cha Konkordia cha lugha tatu kilichotolewa Marekani mwaka 1921, na kile kilichohaririwa na Theodore Tappert mwaka 1959, vyote viwili hufasiri maneno ya Melanchthon kwa maana ya haki ya mtu mwingine. Lakini katika juzuu la 31 la maandiko ya Luther kwa Kiingereza, lililotoka mwaka 1957, hotuba ya 1519 imetafsiriwa kwa "alien", na mtafsiri akaona imempasa kuongeza ufafanuzi kwamba maana yake ni haki ya mwingine. Ufafanuzi huo ni ushahidi: neno lisingehitaji mkalimani katika lugha yake lenyewe kama lingekuwa bado linasema lililosemwa na Kilatini. Kijerumani hakina shida hii, maana fremd hubeba mpaka leo maana zote mbili, ya ugeni na ya mali ya mwingine.

5. Uhakiki wa usemi "haki ya kigeni"

Sasa tuupime usemi wa Kiswahili. Una kasoro tatu.

Kasoro ya kwanza: "-a kigeni" husema kitu kimetoka wapi, hakisemi ni cha nani. Twasema lugha za kigeni, bidhaa za kigeni, fedha za kigeni. Hebu tulinganishe fedha za kigeni na ile shaba ya mwingine ya Warumi. Fedha za kigeni zaweza kuwa zangu kabisa, mfukoni mwangu, lakini sina budi kuzibadili kabla ya kununulia unga. Shaba ya mwingine yanunua unga leo hii, lakini si yangu. Aonaye haki ya Kristo kuwa mfano wa fedha za kigeni atadhani kwamba kazi iliyobaki ni kuibadili iwe sarafu ya nyumbani. Tena, Injili imekwisha kushtakiwa mara nyingi katika bara letu kwamba ni mali ya Wazungu. Si busara kuliongezea shtaka hilo nguvu kwa kuiita zawadi yake kuu "ya kigeni".

Kasoro ya pili yatokana na heshima tunayompa mgeni. Mgeni kwetu hupokewa, huandaliwa, na kisha huondoka. Na mithali yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haki ambayo Mungu hutuhesabia haiji kwa matembezi. Mtume aeleza katika Waefeso 2 kwamba sisi ndio tuliokuwa wageni, na kwamba katika Kristo tumefanywa watu wa nyumbani mwa Mungu. Ni ajabu kuiita ngeni haki hiyo hiyo inayoukomesha ugeni wetu.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa. "Kigeni" huondoa kwazo la kweli na kuweka kwazo la uongo mahali pake. Msikilizaji atashangaa kidogo, atadhani ni msamiati wa wasomi, kisha ataendelea kutegemea haki yake mwenyewe, maana hakuna aliyemwambia kwamba si yake.

Twaweza kupingwa hapa kwa hoja nzito. Luther mwenyewe, mwanzoni mwa mafundisho yake juu ya Warumi ya mwaka 1515 na 1516, asema kwamba Mungu hataki kutuokoa kwa haki iliyo domestica, ya nyumbani, ila kwa iliyo extranea, ya kutoka nje. Je, hiyo si "kigeni"? Jibu letu ni kwamba "nje" na "ugeni" ni mambo mawili. Maji ya kisima yatoka nje ya nyumba, wala hakuna ayaitaye ya kigeni. Luther apigania ukweli kwamba chemchemi ya haki haimo ndani yetu. Hasemi kwamba haki hiyo ni ya nchi nyingine. Neno "nje yetu" latunza ukweli huo vizuri, nasi hatuna budi kulishika.

6. Ugumu wa "haki ya mwingine"

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapa kwa kupendekeza "haki ya mwingine". Lakini uadilifu wa uhakiki watudai tuupime usemi huu pia, nao una ugumu wake.

Neno "haki" limetoka Kiarabu, nalo kwetu lina maana ya uadilifu na pia ya stahili ya mtu. Mfanyakazi hudai haki yake. Mjane hunyimwa haki yake. Kula haki ya mwingine ni dhuluma, ni kosa la Ahabu kwa Nabothi. Msikilizaji akiambiwa bila maelezo kwamba anaokolewa kwa haki ya mwingine, yawezekana akasikia habari ya unyang'anyi. Zaidi ya hayo, hekima ya wazee yapinga. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Mithali hizi zimewalea watu wetu katika bidii, nazo ni kweli mahali pake.

Tufanye nini basi? Tusizikimbie. Hapa ndipo lilipo kwazo la kweli, na mhubiri anayelifikia amefika penye Injili. Nguo ya kuazima haisitiri kwa sababu mwenyewe aweza kuidai wakati wo wote. Lakini bwana arusi hamwazimi bibi arusi. Humpa, naye hampi kitu kimoja tu, humpa na nafsi yake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini ikiwa ndugu ni mchoyo, au mwenyewe ni maskini, au atakufa kabla yake. Kristo alikuwa tajiri akawa maskini kwa ajili yetu. Amekwisha kufa, amefufuka, wala hafi tena. Na kuhusu dhuluma: dhuluma ni kutwaa kisichotolewa. Ardhi ya Meru ilifanywa ya mwingine kwa nguvu. Haki ya Kristo inafanywa yetu kwa mapenzi ya mwenyewe. Kitenzi ni kile kile, mwelekeo umegeuzwa.

Je, ikiisha kutolewa, si imekuwa yetu, hata tuache kusema "ya mwingine"? Andreas Osiander alitaka jambo la namna hiyo. Alifundisha kwamba haki yetu ni uungu wa Kristo unaokaa ndani yetu. Fomula ya Konkordia ya mwaka 1577, katika kifungu cha tatu, iliyakataa mafundisho hayo, ikashika kwamba haki yetu mbele za Mungu ni utii wa Kristo, Mungu na mwanadamu, tunaohesabiwa kwa imani. Sababu ni ya kichungaji. Haki ikisimama juu ya kilichomo ndani yangu, hata kama ni cha Mungu, nitalazimika kujichungulia kila siku kuona kama kingalimo. Ikisimama katika Kristo, haipungui siku imani yangu inapotetemeka. Ni yangu kwa kupewa. Ni yake daima kwa asili. Maneno yote mawili sharti yabaki.

Mahali pa kulipima jambo hili ni kando ya kitanda cha mgonjwa asiye na tumaini la kupona, na makaburini. Ni desturi njema kusoma wasifu wa marehemu: alikuwa mzee wa kanisa, aliimba kwaya, alitoa mchango wa ujenzi. Hayo ni propria, ile haki ya pili, nasi twamshukuru Mungu kwayo. Lakini mchungaji akifunga hotuba yake hapo, amewaacha wafiwa na hesabu ya marehemu peke yake, na kila aliyesimama pale anaanza kuipima yake kimoyomoyo na kuiona ndogo. Usharika unahitaji kusikia kwamba ndugu huyu amesimama mbele za Mungu akiwa amevikwa kilicho cha mwingine.

7. Kazi isiyo yake hasa

Kivumishi hiki chaonekana pia katika usemi opus alienum, uliotoka Isaya 28:21. Nabii akumbusha Perasimu na Gibeoni, mahali ambapo Bwana aliwapigania Israeli. Sasa Bwana huyo huyo anainuka juu ya watu wake mwenyewe, na kazi hiyo yaitwa ngeni. Luther, katika maelezo ya hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, na Melanchthon katika Utetezi, wanalitumia andiko hili kupambanua kazi mbili za Mungu: kutisha na kuua kwa sheria, ambayo ni aliena, na kufariji na kuhuisha, ambayo ni propria.

Hapa "kigeni" lina nafasi kubwa zaidi, maana maneno ya Kiebrania yana ugeni ndani yake. Lakini tukisema "kazi ya kigeni" peke yake, tunapoteza ulinganisho na ile iliyo yake hasa. Ni afadhali kusema: kazi isiyo ya moyo wake, anayoifanya kwa ajili ya ile iliyo ya moyo wake. Mgonjwa anayeuliza kama Mungu amemgeuka apaswa kusikia kwamba ghadhabu ni kazi ya Mungu kweli, lakini Mungu hajulikani kwayo jinsi alivyo.

8. Hitimisho

Twapendekeza basi, katika mafundisho ya darasani, usemi wa Melanchthon ufuatwe kwa ukamilifu: "haki ya mwingine, yaani ya Kristo". Katika mahubiri na mafundisho ya kipaimara yatosha kusema "haki ya Kristo tuliyopewa", na "nje yetu" pale inapohitajika kuonya dhidi ya kujitegemea. "Haki ya kigeni" iachwe.

Kiswahili hakikutuacha maskini katika jambo hili. Lugha yetu ina vivumishi vichache, na mara nyingi hutulazimisha kutumia kile kihusishi kidogo cha "-a", ambacho hakikamiliki mpaka tutaje jina la mwenyewe. Kilatini chaweza kusema aliena na kunyamaza. Kiswahili kikisema "haki ya", msikilizaji anangoja. Na jina analolingojea ndilo tulilotumwa kulitangaza.